Usimlaze Chali

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, mikono kaikunja kwapani, akilitazama boksi la viatu lililokuwa juu ya meza ya kukatia. Ndani ya boksi hilo walilala paka wanne wa siku tano, macho hawajafungua, wote kwa jumla hawafiki uzito wa pasi yake. Mwanamke huyu aliwahi kumtimua mwizi mtaa mzima kwa mkasi wa kukatia suti. Leo aliogopa kuvigusa vitoto vya paka.

Tusimcheke haraka. Mama yao, paka wa madoa asiye na mwenyewe, alikuwa amejichagulia gunia la mabaki ya vitambaa nyuma ya cherehani, na humo ndimo alimozalia. Juzi asubuhi alitoka kutafuta riziki, pikipiki ikamgonga mbele ya duka la Sonara, mpenzi wa Fundi. Sonara ndiye aliyemzika. Kisha akavuka barabara akiwa na boksi la viatu mkononi, mizani yake ya kupimia dhahabu kwapani, akawahamisha wale yatima kutoka kwenye gunia, akawapa na majina ya kazi ya Fundi: Uzi, Lasi, Kifungo, na yule mdogo kuliko wote, Pini. Kwa siku mbili yeye ndiye aliyewanyonyesha kwa chupa kila baada ya saa tatu. Fundi alishika tochi, alishika kitambaa, alishika chochote ilimradi kisiwe na uhai.

Simu iliita.

"Umeanza?" Sonara aliuliza bila hata salamu.

"Bado."

"Saa nane hiyo, mpenzi."

"Saa ninayo ukutani. Wewe uko wapi?"

"Bado niko kwa daktari wa mifugo. Maziwa ya unga yapo, ila foleni haiendi. Mbele yangu kuna mzee na mbuzi wake, na katika sisi watatu, mwenye subira ni mbuzi."

Siku nyingine angecheka. "Basi nitakusubiri."

"Mimi unaweza kunisubiri. Wao hawawezi. Wakipitisha saa wanapoa, na wakipoa wanakufa. Maziwa yaliyobaki yanatosha mlo huu mmoja."

"Nikimuua je?"

Fundi alimsikia mbuzi akilia.

"Kwa nini umuue?" Sonara aliuliza taratibu.

"Sijui. Mikono yangu..."

"Mikono yako inatunga shanga kwenye shela bila miwani. Mimi naijua mikono yako. Soma karatasi, fuata karatasi. Nakupenda. Foleni imesogea, mbuzi ameingia!"

Simu ilikatika. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani kwa pini, maagizo ya daktari kwa mwandiko mdogo wa Sonara. Kwanza joto: asilishwe akiwa wa baridi. Halafu maziwa: alale kwa tumbo, kichwa mbele, kama anavyonyonya kwa mama yake. Mwisho pamba yenye maji ya uvuguvugu, apanguswe chini mpaka akojoe, maana peke yake hawezi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigwa mistari miwili: USIMLAZE CHALI. MAZIWA YATAINGIA KWENYE MAPAFU.

Kila aliposoma mstari huo wa mwisho Fundi aligeuza macho pembeni, na sababu yake hakuna aliyeijua katika mji huu. Miaka mitatu nyuma, katika mji mwingine, akiwa mke wa mtu mwingine, Fundi alizaa mtoto wa kiume. Aliishi naye siku kumi na nane. Siku ya kumi na nane mtoto aliacha kupumua akiwa ananyonya. Daktari alieleza, tena kwa picha, kwamba moyo wa mtoto ulikuwa na tundu tangu tumboni. Lakini mama mkwe hakutaka picha. Yeye alikuwa na neno lake moja: amepaliwa. Mtoto amepaliwa na maziwa mikononi mwa mama asiyejua kushika. Neno hilo lilitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi msibani, na baada ya miezi mitano likamtoa Fundi ndani ya ile nyumba na sanduku lake.

Huku alikohamia hakumwambia mtu. Walipomwuliza kwa nini aliachwa, alinyamaza, na watu wakaujaza ukimya wake kwa namna wanavyojua: basi hazai. Aliliacha hilo lienee. Kuitwa tasa kulimwuma, lakini lile neno lingine lilimtisha. Alipotokea Sonara, mwanamume mpole wa miwani, mwenye alama ya duara kuzunguka jicho la kulia kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia anachokibana jichoni kazini, aliyelirudisha pazia la duka mara tatu lipunguzwe huku pazia halina kosa lolote, Fundi alipenda mpaka akajishangaa. Na kadiri alivyozidi kupenda ndivyo alivyozidi kuogopa. Siku Sonara atakapojua, Fundi aliamini, ataitazama mikono hii kwa jicho lingine, na hapo ndipo mambo yatakapokwisha.

Alipiga moyo konde, akanawa mikono kwa maji ya moto, akaanza.

Uzi alinyonya vizuri. Alilazwa kwa tumbo juu ya kipande cha flana, akaishika chuchu nyembamba ya chupa kwa kelele, miguu ya mbele ikisukuma hewa. Lasi naye hakuwa na maneno. Kifungo alijipaka maziwa usoni mpaka masharubu, akapanguswa, akakojoa, akarudishwa bokseni akiwa amelewa usingizi. Fundi alijikuta anapumua. Wawili, watatu, na hakuna aliyekufa!

Kisha akamgusa Pini, na kidole chake kikarudi chenyewe. Pini alikuwa wa baridi.

Asubuhi mizani ilisema gramu tisini na sita. Wenzake walikuwa wamevuka mia na thelathini. Alikuwa amejisogeza pembeni, mbali na chupa ya maji ya moto iliyowekwa bokseni iwape joto, na hakulia. Fundi alimchukua kwa viganja viwili, akamtia kifuani ndani ya blauzi, akafunika kwa flana, akabaki amesimama hivyo hivyo akihesabu. Joto kwanza. Joto kwanza. Ngozi yake ilisisimka pale kile kitu kidogo kilipomgusa. Miaka mitatu hakuna kilichowahi kulala mahali hapo.

Mlango uligongwa, na kabla hajasema karibu, ulifunguliwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mwavuli mkononi, mkoba kwapani. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na tano kabla ya kustaafu, na nusu ya vijana wa mji walipita mikononi mwake wakiwa uchi wanalia, ndiyo maana hakumwogopa mtu. Alikuwa pia mama mzazi wa Sonara. Miezi saba mwanawe alipokuwa akivuka barabara kila siku kuja humu, yeye hakuwahi kukanyaga kizingiti hiki.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema.

"Marahaba. Nimekuja kupimwa gauni. Au umefunga?"

"Hapana, mama. Karibu. Ila... nilikuwa na kazi kidogo."

"Nami pia sina muda. Pima."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mama mkwe mtarajiwa kasimama na mikono kaitanua. Fundi alimtoa Pini kifuani, akamlaza kwenye flana juu kabisa ya chupa ya maji ya moto, akachukua futi. Dakika mbili tu, alijiambia. Mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Dakika mbili.

"Hao ndio paka?" Bi Mkubwa aliuliza bila kugeuka.

"Ndio hao, mama."

"Mwanangu haji kula mchana kwa sababu ya paka. Nikimwita ananiambia, mama, nanyonyesha." Alitoa pumzi puani. "Hebu fikiria. Mwanamume mzima."

Fundi alizungusha futi kifuani kwa Bi Mkubwa. Futi ikapinda, akaanza upya.

"Mimi ni mtu wa kusema wazi," Bi Mkubwa aliendelea, akitazama ukutani. "Sikuchukii. Nimekuuliza kwa watu, wanasema una adabu, una kazi, huna maneno. Wanasema pia uliachwa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu hukujaliwa kuzaa."

Futi ilisimama. Sekunde ile ndiyo ilikuwa ya kusema. Aliona kabisa neno lilipo, akaona na lile lililofuata nyuma yake.

"Kifua arobaini na nne," alisema, akaandika.

Bi Mkubwa aliuchukua ukimya huo kuwa jibu. Sauti yake ikapungua ukali, na hapo ndipo ilipouma zaidi. "Nimepokea watoto wa watu wengine maisha yangu yote, binti yangu. Nimekata vitovu hata hesabu nimepoteza. Wa kwangu nilijaliwa mmoja tu, na baba yake akafa mapema. Nataka nimpokee mtoto wa mwanangu kabla macho hayajaniishia. Ni dhambi?"

"Si dhambi, mama."

"Nikimwambia mimi akuache, ananuna wiki nzima. Juzi kaniambia mbele ya mjomba wake, eti hataki mtoto, anakutaka wewe. Mimi simwezi. Ila wewe unamweza. Ukimwambia wewe kwamba basi, atakusikia."

"Unataka nimwache?"

"Nakuomba umwache. Sijakuja kukutukana. Nimekuja kukuomba."

Machozi yalimjaa Fundi, chumba kikawa ukungu. Katikati ya ukungu huo alisikia kitu kilichomfanya asahau mama mkwe, gauni, na hata Sonara mwenyewe. Kimya. Pini, aliyekuwa ameanza kulia kwa sauti nyembamba tangu walipofika kiunoni, alikuwa amenyamaza.

Alidondosha futi. Alifika mezani kwa hatua mbili. Pini alikuwa na joto sasa, lakini mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba bila sauti, kichwa kikitafuta na kuanguka. Ana njaa. Anakufa kwa njaa na maziwa yapo hapa. Fundi aliinyakua chupa, akamwinua Pini, akampa.

Mikono haikusoma karatasi. Mkono wa kushoto ulijikunja wenyewe, kiwiko kikawa mto, Pini akalala humo chali, tumbo juu. Kidole kidogo kikaingia chini ya kidevu. Bega likashuka, mwili ukaanza kuyumba pole pole kushoto na kulia. Mkono wa kulia ukainamisha chupa. Fundi alikuwa anamlisha vile mwili wake ulivyojua, na mwili wake ulijua namna moja tu, ile uliyojifunza kwa siku kumi na nane.

Pini alimeza mara moja. Mara ya pili alishtuka mwili mzima. Povu jeupe likamtoka puani.

"Amepaliwa!" Bi Mkubwa alisema.

Neno lile. Katika mdomo wa mama mwingine, katika chumba kingine, lile lile. Fundi alibaki kaduwaa na paka mkononi, macho kayatoa. Aliona mdomo mdogo ukitafuta hewa. Aliona, na hakuweza kunyanyua hata kidole.

"Mgeuze! Binti, mgeuze, kichwa chini kidogo! Husikii?"

Hakusikia. Bi Mkubwa aliutupa mkoba, akampokonya Pini, akamgeuza tumbo chini kiganjani, kichwa kikaelekea sakafuni. Kwa ncha ya flana alimfuta pua, akamfuta mdomo, akaanza kumsugua mgongo kwa vidole viwili, haraka haraka, kama alivyosugua migongo ya watoto waliochelewa kulia. "Haya. Haya wewe. Toa. Usinitanie mimi, wakubwa zako wamenishindwa." Povu jingine likatoka. Akafuta. Akasugua. "Haya, bwana mdogo."

"Ni jike," Fundi alisikia sauti yake ikisema kutoka mbali.

"Haya, bibi mdogo."

Pini alipiga chafya. Kisha akalia. Ilikuwa sauti ndogo ya hasira, na ilipasua kile kilichokuwa kimemshika Fundi. Aliketi sakafuni pale pale, kwenye vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti bila aibu, mikono kaitupa mbele yake juu ya mapaja kana kwamba haimhusu.

Bi Mkubwa hakumbembeleza. Alimvika Pini flana, akamsikiliza pumzi kwa kumweka sikioni, akasikiliza tena. Hapo ndipo aliposhusha macho na kumtazama Fundi kwa muda mrefu.

"Umemzaa lini?" aliuliza.

Fundi aliacha kulia ghafla.

"Paka, mama?"

"Usinifanye mtoto. Nimekaa miaka thelathini na tano kwenye wodi ya wazazi. Mtu asiyewahi kunyonyesha anashika kichanga kama anashika sahani. Wewe kiwiko kimejikunja chenyewe. Kidole chini ya kidevu. Unayumba. Huo mkono ulishawahi kuwa na mtu." Sauti yake ilishuka. "Umemzaa lini, binti?"

Hakukuwa na pa kukimbilia tena. Fundi alisema. Alisema akiwa amekaa sakafuni, akitazama mikono yake, maneno yakitoka moja moja. Siku kumi na nane. Tundu kwenye moyo. Picha ya daktari. Neno la jikoni. Aliposema "walisema nimempalia," alitazama juu mara moja, haraka, kuona uso wa Bi Mkubwa utakuwaje.

Uso wa Bi Mkubwa ulikuwa umekunjamana kwa hasira. "Tundu kwenye moyo," alisema. "Nimewaona. Wanachoka wakinyonya, wanapata rangi ya bluu mdomoni. Midomo yake ilikuwa hivyo?"

"Ndiyo, mama. Tangu siku ya tatu. Niliwaambia, wakasema ni baridi."

"Hakupaliwa, basi. Moyo ulichoka." Alisema hivyo kikazi tu, kama anayesoma kadi ya mgonjwa, na labda ndiyo sababu Fundi alimwamini. "Na wewe umeacha mji mzima ukuite tasa."

"Ilikuwa nafuu."

"Nafuu! Mimi nimekuja hapa kukutoa machozi kwa jambo ambalo si la kweli, kwa sababu ulikaa kimya." Bi Mkubwa aliketi kwenye stuli ya cherehani, stuli ikalalamika. "Sasa niseme nini? Nilikuwa nimejipanga tangu jana usiku. Mwanangu anajua?"

"Hajui. Mama, nakuomba, usimwambie."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

"Ataniacha."

"Labda," alisema Bi Mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa. "Lakini hapa nilipokaa namwona anavuka barabara."

Moyo wa Fundi uliruka. Alinyanyuka, akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, na kabla hajajipanga Sonara alikuwa mlangoni, pakiti ya maziwa kifuani, nywele zimelowa manyunyu. Alimwona mama yake kwenye stuli. Aliona futi sakafuni, chupa iliyomwagika, uso wa Fundi. Macho yakaenda kwenye boksi, midomo ikihesabu.

"Shikamoo, mama. Mmoja hayupo. Nani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa mtu," alijibu mama yake. "Ninaye hapa. Alipaliwa kidogo."

"Nilimlaza chali," Fundi alisema.

"Lakini karatasi..."

"Nilimlaza chali kwa sababu ndivyo nilivyomshika mwanangu."

Alikuwa amelisema. Lilikuwa nje, chumbani, na haliwezi kurudi. Sonara aliiweka pakiti mezani polepole sana.

"Mwanao," alisema.

"Alikufa. Miaka mitatu sasa. Alikuwa na siku kumi na nane, alikufa nikiwa namnyonyesha, na wakasema nimemuua."

Sonara hakusogea. Mvua ndogo ilikuwa inapiga bati. Fundi alimtazama macho, yale aliyoyazoea, yanayomtazama kila siku kama yanasoma kitu kizuri kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Sasa hayakuwa yakimtazama yeye. Yalikuwa yakitazama meza.

"Miezi saba," hatimaye alisema, "nimegombana na mama yangu. Nimemwambia sitaki mtoto. Nimemwambia mbele ya mjomba. Nilikuwa nalala naumwa kifua kwa maneno niliyomwambia mzazi wangu, kwa ajili ya kukutetea. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ungesema neno moja tu, Fundi."

"Ningesema nilizaa, ungeuliza yuko wapi. Ningesema amekufa, ungeuliza alikufaje."

"Ningeuliza, ndiyo!"

"Na mimi ningekujibu nini? Kwamba alifia hapa?" Alijipiga kifuani kwa kiganja. "Nilikuwa naogopa. Bado naogopa. Naogopa hata sasa hivi unavyotazama hiyo meza. Nitazame, kama ni kuniacha niache, lakini nitazame."

Sonara alivua miwani. Aliifuta kwa shati, shati lenyewe limelowa, akazidi kuichafua. Kisha akageuka, akaenda mlangoni.

Fundi alifumba macho. Alisikia hatua nne. Alisikia mlango ukivutwa. Basi, alijisemea, ndiyo hivyo. Na ubaridi uliompanda miguuni aliutambua, ulikuwa ule ule wa siku aliyotolewa na sanduku lake. Alisikia komeo likipita kwenye tundu lake.

Komeo lilikuwa la ndani.

Alipofumbua macho, Sonara alikuwa amekwishageuza kibao cha dirishani kisomeke kwa nje IMEFUNGWA, na alikuwa anaburuta kiti cha wateja, akakiweka kando ya meza, akaketi karibu na Fundi mpaka goti likagusa sketi yake.

"Nimekasirika," alisema. "Nitakasirika mpaka kesho, pengine na kesho kutwa. Sitakuficha."

"Sawa."

"Daktari alisema, ikitokea amepaliwa, asilishwe kwa saa moja, asikilizwe pumzi. Akianza kukoroma ndani ya kifua, tumpeleke mbio. Tutapokezana." Alinyoosha mkono kwa mama yake. "Mama, nipe."

Bi Mkubwa hakumpa. Alimpita mwanawe, akamweka Pini kwenye viganja vya Fundi, kwa tumbo, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kuzunguka flana. Fundi alitaka kuvitoa. Mkono mzito wa mkunga ukavizuia.

"Usinielewe vibaya," alimwambia mwanawe. "Mimi bado sijasema ndiyo. Nimesema tu akae naye." Akarudi kwenye stuli, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Pini alipumua. Fundi aliinamisha sikio. Pumzi moja, nyepesi. Nyingine. Kati ya moja na nyingine kulikuwa na nafasi, na kila nafasi ilimtisha kama ya kwanza. Hakuna aliyemwahidi kwamba huyu ataishi. Sonara naye aliinama, paji la uso wake likagusana na la Fundi, wote wawili wakisikiliza kitu kimoja. Alinukia mvua na dawa ya kusafishia fedha. Hakumbusu. Alikaa tu hapo, na macho yake, yakiwa karibu hivyo, mekundu, bila miwani, yalikuwa yanamtazama.

"Huyo mtoto," alisema.

Fundi alijikaza. Sasa atauliza alikufaje. Wote waliuliza swali hilo, daktari, polisi, majirani, mume, na kila mara alijibu akajiona anazama.

"Alifanana na nani?" aliuliza Sonara.

Fundi alimtazama kama hakusikia vizuri. Miaka mitatu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwuliza hilo. Alifungua mdomo, na kitu ambacho hakikuwa kilio, kilichokaribia kicheko, kilianza kumpanda.

"Na mimi," alisema. "Isipokuwa masikio. Masikio sijui aliyatoa wapi, Sonara. Yalikuwa makubwa! Makubwa kupita kiasi."